Kapeti imetoka, chini kuna magunia yameoza, nifanyeje?

SWALI: Fundi habari, narudisha gari la zamani la mwaka 1968, nimeng'oa kapeti nikakuta kitu kama gunia limelowa na linanuka, chini yake lami ngumu imepasuka. Naweza kubandika mpya juu kwa juu?

JIBU: Hapana ndugu yangu, usibandike juu! Hilo gunia ni juti, linanyonya maji na kuyashikilia kwenye bati miaka na miaka, ndo maana ukilinyanyua unakuta kutu imeshaanza kula pembeni mwa reli za viti. Toa yote. Lami ipashe moto taratibu kwa kipulizio cha hewa moto halafu ikwangue kwa kisu butu cha rangi, au iwekee barafu kavu (ile ya gesi ya kaboni iliyogandishwa, si ya maji) igande, ukigonga na nyundo inavunjika yenyewe vipande vipande, raha tupu, ila fungua milango na uvae glovu. Ile pedi ya nyuma ya dashibodi upande wa injini usiichane hovyo, magari mengine ya zamani yaliwekwa asbesto, nyuzi za madini zenye madhara ukizivuta, mwite mtaalamu aicheki kwanza.

Kutu isugue, piga praima, iache ikauke kabisa. Kisha bandika shiti za butili (mpira laini unaonata) zenye foili, ukandamize kwa rola, hizo zinatuliza mtetemo tu na ukifunika robo tu ya eneo la bati inatosha. Joto linazuiwa na foamu isiyonyonya maji, hiyo ndo ifunike sakafu yote. Na milangoni tafadhali, vitundu vya kutolea maji pale chini usivizibe.