Pale mkanda ulipochakaa

Mwanangu Neema,

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara tatu. Unasema mlikaa na mumeo mkaangalia mieleka ya zamani kwenye simu, ile ya Wembley, na ilipofika zamu ya Kamala na Undertaker ukazima. Ukaniandikia: "Mama, kumbe ada zetu zililipwa kwa kumcheka Mwafrika mwenzetu? Wewe hukuona? Na wale uliokuwa ukiwasifu, ukiwaangalia leo bado ungewasifu?"

Ningekujibu kwa simu, lakini najijua. Ningeanza kwa kukukaripia, kisha tungehamia kwenye habari za wajukuu, na swali lingebaki pale pale. Basi nimemwambia mdogo wako aniwekee shoo nzima kwenye kompyuta yake. Nimeiangalia siku mbili, na siku ya pili nilikuwa na daftari, kama nilivyokuwa nikikaa mlangoni mwa banda letu la video na daftari la mapato.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri mkanda wenyewe ulivyokuwa. Ni SummerSlam ya tarehe 29 Agosti 1992, uwanja wa Wembley, London, na walitangaza watazamaji 80,355. Kwetu Mabatini, Mwanza, ulifika baadaye sana, nakala ya nakala ya nakala. Picha ilikuwa na chenga, rangi nyekundu ilitapakaa mpaka kwenye nyuso za watu, na sauti ilikuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Banda letu unalijua: mabati, benchi kumi na mbili, televisheni moja na deki niliyoinunua ikiwa imeshachoka. Mtu mzima shilingi 50, mtoto 20, na anayechungulia kwenye tundu la msumari tulikuwa tunamfukuza bure.

Watu walikuwa hawaangalii mkanda, walikuwa wanauamuru. "Rudisha! Rudisha!" Nami narudisha, maana benchi zimejaa. Sasa deki haipendi mchezo huo, utepe unalika. Baada ya miezi kadhaa pakawa na sehemu moja ambapo mistari myeupe inapita katikati ya picha na sauti inazama. Nilisafisha hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, wapi. Haikuwa hedi. Ni pale tulipokuwa tunarudisha kila siku: pale Kamala anapokimbia.

Unakumbuka? Undertaker kaja kwa gari la maiti, uwanja mzima kimya kama msibani. Kamala kamwangusha, kamrukia kwa lile tumbo lenye mwezi uliochorwa. Kapanda kamba, karuka tena. Tunajua mchezo umekwisha. Undertaker analala palepale, halafu ghafla anainuka na kukaa kitako, wima, kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Kamala anamtolea macho. Anatoka mbio. Banda linalipuka.

Niliona? Niliona, mwanangu. Sikuhitaji kusubiri simu za siku hizi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akivuka ziwa kutoka Uganda, mtu mpole, shati lake halikosi pasi. Siku ya kwanza alipomwona yule mtu miguu pekupeku, mkuki mkononi na kinyago usoni, na mtangazaji anamwita jitu la Uganda, alisimama akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, hii ni Uganda ya wapi?" Vijana wakamcheka na yeye. Hata fundi baiskeli wetu hakusalimika. Mhaya wa watu, jina lake halisi ni Kamala, na wako Wahaya wengi wanaoitwa hivyo. Wiki ile watoto walikuwa wanamkimbia barabarani huku wakipiga matumbo.

Nami niliendelea kupokea kiingilio. Hilo ndilo jibu la sehemu ya kwanza, na sitalipaka asali. Ada yako ya darasa la tano imo humo.

Lakini ulipozima, ulizima mapema. Rudi umwangalie Kamala wa ulingoni.

Mtu yule aliitwa James Harris, amezaliwa Mississippi mwaka 1950. Uganda yake ilitengenezwa Tennessee mwaka 1982. Jerry Lawler, mwanamieleka wa Memphis, ndiye aliyebuni zile rangi za usoni na kifuani, na picha za kumtambulisha zilipigwa kwenye shamba la promota Jerry Jarrett, wakamwaga moshi ili paonekane msitu. Wakasema aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Basi Wamarekani wakaamini Afrika iko hivyo, nasi Waafrika tukakatiwa tiketi kuiangalia. Hapo una haki ya kuona aibu, na mimi naiona. Kinachoniudhi zaidi siku hizi si hata mkuki. Ni yule Kim Chee aliyekuwa anamwongoza, kafunikwa uso, kavaa kaki na kofia ngumu ya kikoloni. Ni mnyapara yule. Miaka yote ile sikumtilia maanani, nilidhani ni mchekeshaji tu.

Sasa weka hayo pembeni, umwangalie Harris kama ninavyomwangalia fundi. Ana kichekesho chake cha kutojua kumbana mtu. Ili ushinde, mwenzako lazima mabega yake yaguse chini, refa ahesabu tatu. Kamala anamlalia mtu aliyelala kifudifudi, anampigapiga mgongoni, anashangaa mbona refa hahesabu. Mnyapara anapiga kelele, mgeuze, mgeuze! Sisi tulikuwa tunamwona mjinga. Mtu aliyeanza kazi hiyo miaka ya sabini, ameshapigana mabara mbalimbali, anasahaulishwa somo la siku ya kwanza, na anasahau kila usiku kwa namna ambayo hata mtoto aliyekaa benchi la nyuma anaelewa. Wewe ni mwalimu. Jaribu kuandika ubaoni kama mtu asiyejua kuandika, uone kama wanafunzi wako watakuamini.

Halafu ile hofu. Nimeirudisha mara nane, safari hii picha iko safi, hakuna mistari. Undertaker anapokaa kitako, yeye hafanyi chochote cha ajabu. Anakaa. Uso umekauka, macho yametulia. Kinachotutia baridi ni Kamala: pumzi inayokatika, mikono inayotafuta kitu cha kushika, jinsi anavyorudi nyuma kabla ya kugeuka. Mtu wa zaidi ya kilo 150 anakuwa mtoto anayeogopa giza. Mwaka huohuo, Novemba, walipambana tena kwa sharti la jeneza, akaishia kutiwa ndani na kifuniko kikapigiliwa misumari. Tulikuwa tunasema Undertaker anatisha. Nusu ya kutisha kule ni kazi ya Harris, na hatukumlipa hata sifa. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba usiku ule wa Wembley alilipwa dola 13,000, akamtaja mwenzake kuwa alipata mara nyingi zaidi. Baadaye aliendesha malori. Kisukari kilimkata mguu wa kushoto mwaka 2011, wa kulia mwaka uliofuata. Alifariki Agosti 2020, wakati ule wa korona.

Kuna kitu kingine ambacho hakikufika Mwanza, mdogo wako ndiye aliyenionyesha. Mwaka 1993 walimgeuza Kamala akawa mtu mwema. Mchungaji Slick, mtu mweusi mwenzake, anamwambia kwamba yeye si mnyama, ni mtu. Ni maigizo, tena ya kitoto. Lakini niliangalia uso wa Harris wakati anaambiwa hivyo, nikasimamisha picha, nikaenda kupika.

Haya, sehemu ya pili. Waliokuwa wakisifiwa.

Bulldog, yule Mwingereza Davey Boy Smith, nilimsifu sana, nakiri. Nilikuwa nakwambia huyu ndiye mwanaume, angalia shingo. Wewe ulikuwa unamtaka Bret Hart, na nilijua sababu: ile miwani ya waridi aliyokuwa akimvalisha mtoto mmoja pale kwenye uzio. Ulinililia miwani wiki nzima mpaka nikakununulia ya plastiki mnadani. Mimi Bret nilimwona mtu wa kawaida, nywele zimelowa maji, hana mbwembwe. Watu walikuwa wanatoka nje kununua karanga akiwa ulingoni.

Mwanangu, ulikuwa sahihi na mimi nilikosea, tena vibaya.

Pambano lao lilikuwa la mwisho usiku ule, karibu dakika 25. Ni mashemeji, Bulldog kamwoa Diana, dada yake Bret. Bret alikuja kusimulia baadaye kwamba dakika chache tu baada ya kengele, Bulldog alimnong'oneza kuwa kila kitu kimemtoka kichwani. Watu elfu themanini, na bwana harusi kasahau njia ya kanisani. Ikabidi Bret amwongoze hatua kwa hatua, huku anajifanya anamwonea.

Ukishajua hilo, huwezi tena kuliangalia pambano kwa macho ya zamani. Bret anapomkaba kabari, usiangalie mkono. Angalia nywele. Zile nywele zilizolowa, nilizokuwa nazidharau, zinamwangukia usoni na kuufunika mdomo. Humo ndani anasema. Kisha wanainuka, Bulldog anajua cha kufanya, uwanja unashangilia nguvu za Bulldog. Wanarudi chini, nywele zinaanguka, anasema tena. Umeona kungwi anavyokaa nyuma ya mwali? Wageni wote macho kwa mwali, na mwali hakosei hata kidogo.

Mwishoni Bret anamrukia kwa juu ili ambwage, Bulldog anamkalia na kumfungia miguu, moja mbili tatu. Mshindi Bulldog, nyumbani kwao. Aliyefanya kazi ndiye aliyelala chini. Kwenye mkanda wetu wa chenga, mdomo ule usingeuona hata ungebandika pua kwenye kioo, kwa hiyo sijilaumu sana. Ila kwa zile karanga nitajilaumu.

Kuhusu Ultimate Warrior, samahani. Najua kaka yako alijifunga kamba za viatu mikononi ili afanane naye, hadi damu ikakataa kupita. Nimemwangalia vizuri: ni mtu anayekimbia. Anakimbia kuja, anatikisa kamba, na akifika kwenye kazi yenyewe pumzi imekwisha. Usiku ule alikutana na Randy Savage, bingwa. Savage ndiye anayeanguka vizuri, ndiye anayechechemea tangu adui yake Ric Flair amgonge goti kwa kiti mpaka mwisho, hata kamera inapoangalia pengine. Akashindwa kurudi ulingoni kabla hesabu haijafika kumi, Warrior kashinda, mkanda wa ubingwa haukuhama. Sisi tulidai tumeibiwa. Leo naona Savage alikuwa anafanya kazi ya watu wawili.

Kuna kitu hukuuliza lakini najua unakizunguka: kama nilijua ni maigizo. Nilijua kabla yako. Mwaka 1989 kampuni yenyewe ya mieleka hiyo, WWF, ilikiri mbele ya wabunge wa New Jersey kwamba si mashindano ya kweli ni burudani, ili waachane na ada na masharti ya michezo. Kodi ndiyo iliyowatoa siri, na kama mtu aliyefukuzana na wakusanya ushuru miaka kumi na moja, niliwaelewa kabisa. Habari hiyo nilipewa na mwalimu mmoja aliyekuwa mteja wetu, nikamwomba asiiseme bandani. Hakusema. Lakini nadhani vijana nao walijua, maana walikuwa wakigombana nani ni stelingi na nani ni adui, na hakuna mtu anayegombania stelingi kwenye ugomvi wa kweli.

Maigizo, lakini miili ilikuwa yao. Siku ya pili niliandika majina pembeni ya daftari, na mdogo wako ananitajia. Bulldog alifariki mwaka 2002, ana miaka 39. Yule Mr. Perfect aliyekuwa na Flair pembeni mwa ulingo, 2003, miaka 44. Savage, 2011. Warrior, 2014, miaka 54. Nikafunga daftari. Kamala alifika 70, bila miguu, akawazidi wote hao.

Yule Mganda wa samaki hakuacha kuja. Nilidhani tumemuudhi, lakini siku ya tatu alirudi na wenzake wawili, akalipa wote watatu, wakakaa benchi la mbele. Kamala alipotoka mbio na watu wakapiga kelele nirudishe, yeye peke yake alisema, "Mama, mwache akimbie tu." Nikarudisha.

Deki bado iko chini ya kitanda na mkanda uko kwenye lile boksi la biskuti. Mkija Desemba usiniletee kitenge, ninavyo. Nitafutie huko Dar fundi anayezifahamu deki za zamani, aje na mpira wa kuzungushia, na wewe uje na pamba na spiriti. Nataka tuiangalie sehemu ile yenye mistari.

Wasalimie wajukuu. Mdogo wako anasema umemnyamazia wiki mbili, mpigie.

Mama yako