Pango, shimo, handaki: neno lipi litumike wapi?

Swali: Ninatafsiri vibao vya maelezo kwa ajili ya wageni wanaotembelea Mangapwani, Unguja. Je, naweza kutumia pango, shimo, handaki au chumba cha chini ya ardhi, lolote litakalonijia?

Jibu: Ndugu msomaji, huwezi, na Mangapwani penyewe panatuonyesha sababu. Pana sehemu mbili, zilizoachana kwa takriban kilomita 2, ambazo watu wengi huzichanganya. Moja ni uwazi wa asili ndani ya jiwe la matumbawe, wenye maji matamu chini yake; hilo ndilo pango, kwa kuwa pango halichimbwi na mtu. Nyingine ni chumba kilichochongwa kwa mikono katika jiwe hilohilo, kikaezekwa na kutiwa ngazi za kushukia, nacho kilitumika kuwaficha watumwa baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku mwaka 1873. Ukiandika "pango la watumwa" juu ya chumba hicho, ingawa wenyeji wengi husema hivyo, mgeni atadhani wafanyabiashara walijikutia tu mahali pa kujificha, ilhali kuna mtu aliyepima, akaamuru jiwe likatwe, akijua ni nani watakaofungiwa humo. Mimi ningeandika "chumba cha chini ya ardhi cha kufichia watumwa". Neno ni refu, lakini linasema kweli.

Usiandike "chemba" pia. Fundi bomba akisikia chemba hufikiria kile kishimo chenye mfuniko kinachofunguliwa maji taka yanapoziba.

Shimo huingiwa kwa juu: la choo, la taka, la mchanga. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania huliita shimo lao la kazi "duara", na taarifa ya mgodini iliandike hivyo hivyo. Majina ya mahali hayafuati kanuni hii. Shimoni, katika kaunti ya Kwale, pamepata jina kutokana na mapango, nasi hatuna haki ya kupasahihisha.

Handaki lina maana mbili, na hapo ndipo wafasiri wengi huteleza. Asili yake ni Kiarabu, na katika Vita vya Handaki, vilivyopiganwa Madina mwaka 627, lilikuwa mfereji mpana ulio wazi juu, uliochimbwa kuwazuia wapanda farasi. Leo neno hilohilo hutajwa kwa njia ya treni inayopenya mlimani, kama ile ya Ngong nchini Kenya yenye urefu wa kilomita 4.5. Kwa hiyo taja kazi yake: handaki la askari, handaki la reli.

Kwa majengo, jihadhari na "ghorofa ya chini", ambayo kwa wengi ni ile iliyo sawa na barabara. Niliwahi kuona kibao kilichoelekeza magari "ghorofa ya chini", na madereva wakasimama mbele ya mapokezi wakiuliza njia. Maneno mawili tu, "ya ardhi", yangewaondolea usumbufu.

Mwisho, ukifika kwenye makaburi ya Waislamu, usiuite mwanandani "chumba". Ni ile nafasi nyembamba inayochimbwa ubavuni mwa kaburi, upande wa kibla, anamolazwa maiti kabla ya kuzibwa kwa viunza, yaani mbao za kumfunikia. Nafasi hiyo ina jina lake, na wazikaji wote wa pwani wanalijua.