Kipande kimoja kisiimeze filamu: kwa mnaoanza kuandika komedi ya vipande

Wadogo zangu wa skripti, linarudi tatizo lile lile. Filamu ina vipande vitano, skripti imeshafungwa, mara mwenye kipande cha tatu analeta kurasa mpya kwa sababu wazo lake limekua. Muongozaji anamwonea huruma, ratiba inasogezwa, na ikifika kwenye uhariri vinakatwa vipande vya wenzake, waliotii urefu waliopewa. Tafadhalini, itazameni tena The Meaning of Life, filamu ya mwaka 1983 ya Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza, safari hii na saa mkononi. Makosa yenu mengi yamo mle, na dawa zake zimo.

1. Uzi utangulie. Kundi lile lilikuwa na rundo la vichekesho visivyo na kitu cha kuvishikilia, hata likawahi kufikiria kuvikusanya chini ya Vita Vikuu vya Tatu. Walipokwenda Jamaica kuandika ndipo wakashika hatua za maisha, tangu kuzaliwa hadi kufa, sehemu saba zenye vichwa. Ni uzi mwepesi, haudai mhusika mmoja apite kote. Four Rooms ya 1995 ilichukua njia ngumu zaidi: hoteli moja, mkesha wa mwaka mpya, mhudumu mmoja aliyeigizwa na Tim Roth, na waongozaji wanne, kila mmoja na hadithi yake. Mhudumu yumo katika vyumba vyote, lakini ladha ya filamu inabadilika kila mlango ukifunguliwa. Mkitaka mhusika wa kuunganisha, mpeni mtu mmoja apitishe kalamu kwenye mistari yake yote.

2. Ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja ya filamu pale tu watu wanapozungumza. Hapa nawaomba mtulie, maana ndipo wengi mnapoumia.

Katika The Meaning of Life, kipande cha The Crimson Permanent Assurance kinahusu makarani wazee wa kampuni ya bima ya London wanaowaasi mabosi wao. Jengo lao linang'oa nanga kama meli ya maharamia, nao wanakwenda kuyavamia majengo ya wenye fedha. Terry Gilliam, mtu wa katuni katika kundi, alikibuni kama katuni ya dakika 6 ya kuwekwa mwishoni mwa Sehemu ya Tano. Akawashawishi wenzake wamwachie akiongoze kwa waigizaji halisi. Kikaishia kwenye dakika 16 hivi.

Fuateni hesabu yake. "Jengo linang'oa nanga" ni maneno matatu. Kwenye katuni ni mchoro unaoteleza sekunde chache. Kwa waigizaji kunahitajika shoti (picha moja isiyokatwa) ya wazee wakivuta, shoti ya nanga, shoti ya tanga likijaa upepo, shoti ya jengo likianza kusogea. Wekeni sekunde 4 kwa kila moja, ongezeni sura mbili tatu zinazoitikia, na maneno matatu yamekula nusu dakika. Mazungumzo yanajipima yenyewe yakisomwa mezani, kitendo hakijipimi. Halafu seti na modeli zikishajengwa, nani atathubutu kukata? Fedha imeshatumika.

Na urefu haukuwa shida pekee. Gilliam mwenyewe alieleza kwamba mwendo, urefu na namna kilivyopigwa havikukaa ndani ya filamu kubwa. Sehemu kubwa ya filamu inabebwa na maneno na sura za waigizaji. Kipande chake kinabebwa na picha: lenzi pana, kamera inayosafiri, muziki wa kishindo. Kukipunguza dakika nne kusingekiponya, kwa sababu tofauti imo ndani ya kila shoti. Kwa hiyo wakakitoa, wakakiweka mbele kama filamu fupi ya utangulizi. Kisha wakakishona upya: katika Sehemu ya Tano, bodi ya kampuni kubwa waliyoivamia wale makarani iko kikaoni, maharamia wanatokea dirishani, sauti inaomba radhi kwa shambulio la filamu ya utangulizi, na ghorofa linawaangukia. Ni ushonaji mzuri sana, naupenda. Lakini ulihitaji sini, yaani tukio moja la filamu, inayofaa na mtayarishaji wa kulipia dakika zote hizo. Nyinyi hamna.

Basi simameni, kiigizeni kila kitendo kwa mwili huku mwenzenu akishika saa, na mwandike sekunde pembeni mwa mstari. Kipande kikizidi muda wake kwa robo, mwandishi akate kabla seti haijajengwa.

3. Kichekesho kilichokufa mezani msikitupe. Sini ya Bwana Creosote, mlafi wa mgahawani, waliiandika Terry Jones na Michael Palin wa kundi lile, na wenzao waliikataa waliposomewa mara ya kwanza. Baadaye mwenzao John Cleese aliona kwamba kicheko kiko kwa mhudumu, anayeendelea na adabu zake kana kwamba hakuna kinachotokea. Yeye na Graham Chapman, naye wa kundi, wakaifanyia kazi, na ndipo tunapata ile peremende nyembamba ya mwisho, mhudumu anayomshawishi mlafi aliyekwisha kushiba. Kabla ya kufuta sini, jaribuni kumhamishia uzito yule anayetazama.

4. Sini chafu ipangwe pamoja na muda wa usafi. Creosote ilipigwa Porchester Hall, London, kwa matapishi ya bandia kwa mamia ya ratili, na ukumbi ulikuwa na harusi saa chache baada ya siku ya mwisho. Mkikodi ukumbi, ulizeni nani anaingia baada yenu.

5. Waigizaji wachache, wahusika wengi: orodha ya mawigi na masharubu kwa kila sini, kwa mpangilio wa siku za kupiga, si wa skripti.

6. Kilichokatwa kitunzwe kizima, picha na sauti asilia pamoja, jina la sini na namba ya teki (mara ya ngapi sini ilipigwa). Katika The Meaning of Life, kipande cha Martin Luther, yule mwanamageuzi wa kanisa, kiliachwa nje ya toleo la sinema, kikarudishwa kwenye toleo la muongozaji la DVD mwaka 2003, miaka 20 baadaye. Wekeni nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, moja isikae kwa mhariri.