Upana wa Ukurasa wa Tovuti: Maswali Yenu

Mteja anataka tovuti ya upana wa pikseli 960, kama aliyokuwa nayo zamani. Nimfuate?

Hapana. Kipimo hicho kilikuwa na maana yake. Skrini nyingi zilipokuwa za 1024 kwa 768, ukurasa wa 960 ulienea vizuri na nafasi ikabaki pembeni. Tena 960 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12 na 16 bila baki, kwa hiyo kupanga safu kulikuwa rahisi. Kabla yake tulibanana kwenye 800 kwa 600, na kabla ya hapo 640 kwa 480. Kila skrini zilipopanuka, kurasa zilichorwa upya. Mwaka 2007 ikaja iPhone, na skrini ndogo zikarudi huku za mezani zikizidi kupanuka. Mei 2010, Ethan Marcotte akaandika katika jarida la A List Apart kuhusu kurasa zinazojirekebisha zenyewe: safu zinazopimwa kwa asilimia, picha zinazonyumbuka, na masharti ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) yanayobadili mpangilio kulingana na upana uliopo. Huo ndio msingi tunaojengea hadi leo. Usibishane na mteja kwa maneno. Mfungulie ukurasa wa 960 kwenye simu yake mwenyewe, aone anavyolazimika kuuvuta huku na huku ili asome sentensi moja.

Simu yangu ina pikseli 1080 kwa upana. Mbona kivinjari kinasema 360?

Kwa sababu pikseli ya CSS si nukta ya kioo. Kwenye simu yako, kila pikseli moja ya CSS hubeba nukta tatu za kioo kwa upana, na 1080 ukigawanya kwa 3 unapata 360. Panga ukurasa kwa 360, lakini usiishie hapo: jaribu na 320. Mwongozo wa WCAG 2.1, wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, unataka maandishi yasomeke kwenye upana huo bila kuvuta pembeni, kwani mtu mwenye uoni hafifu akikuza skrini ya 1280 hadi asilimia 400, kinachobaki ni 320. Naomba sana msiwasahau hawa.

Na usiache kuweka kwenye HTML mstari wa viewport wenye width=device-width, unaokiambia kivinjari kitumie upana wa simu yenyewe. Ukikosekana, simu hujifanya ina upana wa takriban 980 na maandishi yako yanakuwa madogo mno.

Mipaka ya kubadili mpangilio niiweke kwa vipimo vya simu zipi?

Usifuate simu, mwakani zitatoka nyingine. Anza na dirisha jembamba, lipanue polepole, na pale mpangilio unapoanza kuharibika ndipo uweke mpaka.

Kwenye skrini ya 1920, nijaze pote?

Picha na majedwali, sawa. Maandishi, hapana. Mstari ukizidi herufi 75 hivi, jicho hupotea linaporudi kutafuta mstari unaofuata. Zipe aya max-width (kikomo cha upana) ya 65ch, yaani takriban herufi 65, na nafasi inayobaki iache wazi.

Na urefu? Bosi anataka kila kitu kionekane bila kushuka chini.

Urefu uamuliwe na maudhui. Watu wamezoea kushuka. Ila bei, saa za kazi na namba ya simu viweke juu, na picha kubwa ya mapambo isivitangulie, maana inakula bando la mtu kabla hajapata alichokifuata.