Umehama Nyumba, Faili Lako Bado Liko Uhamiaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu pamoja na watoto wetu watatu tulipokewa Marekani kama wakimbizi tukitokea kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Tulipotimiza mwaka mmoja tuliomba kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, tukapewa stakabadhi, na tangu hapo tunasubiri. Mwezi uliopita mume wangu alipata kazi katika kiwanda cha nyama huko Iowa, tukafungasha na kuondoka Dayton, Ohio. Posta tulikwenda tukajaza fomu ili barua zitufuate. Jirani ananiambia hiyo yatosha. Shemeji yangu anasema tukigusa anwani maombi yatarudi mwisho wa foleni, hivyo tunyamaze. Siku 20 zimeshapita. Nimsikilize nani?
Mama wa Watatu, Des Moines

JIBU: Mama wa Watatu, usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, ingawa shemeji yako ndiye aliyepotoka zaidi. Kubadili anwani hakuanzishi maombi upya. Faili hubaki na tarehe yake ileile ya kupokewa, na ile namba ya stakabadhi, yenye herufi 3 zinazofuatwa na tarakimu 10, haibadiliki. Kinachoweza kubadilika ni ofisi itakayowaita, kwa kuwa faili la mkazi wa Ohio aliyehamia Iowa kwa kawaida hupelekwa kwenye ofisi inayohudumia makazi yake mapya, na safari hiyo ya faili huenda ikaongeza muda wa kusubiri. Ikiwa mwaliko wa mahojiano ulikwisha kutumwa kabla taarifa yenu haijafika, ama mwende siku hiyohiyo huko mlikoitwa, ama muombe tarehe nyingine mapema kwa njia iliyoelezwa kwenye mwaliko wenyewe. Msikae kimya mkidhani watajua kwamba mmehama.

Jirani naye anasema kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Fomu ya posta huhamisha bili na barua za shule. Haiiarifu Idara ya Uraia na Uhamiaji, yaani USCIS, kwa sababu posta na idara hiyo hazipelekeani habari za wahamaji. Isitoshe, kadi ya kijani na kibali cha kazi husafiri katika bahasha yenye maelekezo kwamba mpokeaji asipopatikana irudishwe ilikotoka, hivyo mtu wa posta huirudisha hata kama fomu yenu ipo mezani kwake. Kwa utaratibu ulioanza Aprili 2018, kadi iliyorudi huhifadhiwa kwa siku 60 za kazi, na mwenyewe asipojitokeza kutoa anwani sahihi, huharibiwa. Hapo huenda mkalazimika kuomba nyingine na kuilipia.

Sheria inamtaka kila mgeni, ukiacha makundi machache kama wanadiplomasia, aiarifu idara ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Sharti hili halimhusu mwombaji peke yake, kwani hata aliyekwisha kupata kadi linambana hadi siku atakapoapa kuwa raia. Kulipuuza ni kosa lenye faini na hata kifungo cha hadi siku 30, lakini sheria hiyohiyo humwachia nafasi mtu aliyeshindwa kwa sababu inayoeleweka au bila kukusudia. Ninyi mmepitiliza siku 10. Toeni taarifa leo, kwa maana nimewaona watu waliochelewa wiki moja wakachelewa mwaka mzima kwa kuogopa kuulizwa ile wiki ya kwanza.

Njia nyepesi ni kupitia akaunti ya mtandaoni ya USCIS. Tangu Oktoba 2023 kuna huduma ambayo, ukibadili anwani mara moja humo, sharti la kisheria linatimia na anwani mpya inaingia katika maombi mengi yaliyo njiani kwa pamoja. Zamani kazi hiyo ilifanywa mara mbili, na wapo waliofanya moja wakadhani wamemaliza. Asiye na intaneti anaweza kujaza fomu AR-11 ya karatasi na kuituma kwa posta, kwa njia inayompa uthibitisho kwamba imefika, ingawa karatasi huchukua muda zaidi kuingizwa. Njia zote mbili ni bure, kwa hiyo akitokea mtu wa kuwadai dola 50 za kubadili anwani, mjue mnamlipa kwa kuchapa tu. Hakikisheni kwamba kila mmoja wenu ametajwa pamoja na namba ya stakabadhi yake, watoto wakiwemo, maana ninyi ni watu 5 wenye mafaili 5, na kubadilika kwa anwani ya baba hakubadilishi ya mtoto. Ukurasa wa uthibitisho upigeni picha au uchapeni, kisha uwekeni pamoja na stakabadhi.

Sasa niseme jambo dogo ambalo fomu haiwezi kuwafanyia. Katika mwaka wangu wa pili hapa nilitoa taarifa ndani ya muda, nikaandika kila kitu sawasawa isipokuwa namba ya fleti. Jengo lilikuwa na masanduku ya barua 24 yaliyopangwa ukutani kama droo za duka la dawa, na barua yangu ya kwenda kupiga alama za vidole ikazunguka humo hadi mpangaji wa ghorofa ya pili alipoileta mlangoni kwangu, zikiwa zimebaki siku mbili. Ningeikosa miadi ile bila kuomba tarehe nyingine, maombi yangehesabiwa kwamba nimeyaacha. Hali kadhalika barua ya kudai nyaraka zaidi huweka ukomo usiozidi wiki 12, na ukomo huo hauongezwi kwa sababu barua ilikwenda nyumba ya zamani. Kwa familia nyingi za Kikongo kuna mtego wa ziada: baba ana jina lake, mama lake, na kila mtoto lake, na mtu wa posta akiona sanduku lenye jina moja hudhani hayo mengine ni ya wapangaji waliokwisha kuondoka. Andikeni majina yote 5 kwenye karatasi, kama yalivyo katika stakabadhi, muibandike ndani ya sanduku anapoweza kuiona akilifungua. Posta ina pia huduma ya bure ya kuwatumia kwenye simu picha za bahasha zinazotarajiwa kufika siku hiyo. Jiungeni nayo.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilifika Portland, Maine, mwaka 2019 na kesi yangu ya kuomba hifadhi iko mbele ya jaji. Nimehamia kwa kaka yangu Texas na fomu AR-11 nimeshaituma. Je, mahakama itapata habari kutoka huko?
Msomaji, Houston

JIBU: Haitapata, ndugu yangu, na kwako wewe hatari ni kubwa kuliko ya mama aliyetangulia. Mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria, ilhali USCIS iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33/IC, nayo inatakiwa ndani ya siku 5 za kazi, pamoja na nakala kwa mawakili wa serikali wanaoshughulikia kesi yako. Mahakama hutuma wito kwenye anwani ya mwisho uliyoipa, na usipofika, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini ukiwa haupo.

Fomu hiyo hubadilisha mahali barua zinapotumwa, lakini kesi yenyewe haihami. Ili isikilizwe Texas, unapaswa kuwasilisha kwa jaji wa sasa ombi la kuhamisha kesi, lenye anwani yako kamili ya makazi na sababu za kuhama. Kuwasilisha ombi si kukubaliwa. Mpaka upate uamuzi wa maandishi, tarehe uliyopangiwa huko ulikotoka inabaki palepale, na nauli ya kurudi huko uiweke akiba. Ombi hili mwachie wakili kama unaye. Kama huna, yapo mashirika ya msaada wa kisheria yasiyotoza ada, na orodha yake hutolewa na mahakama yenyewe.

SWALI: Mimi ni raia wa Marekani. Nilimdhamini mama yangu kutoka Mombasa, akaja mwezi wa tano na bado hajapata kadi yake. Tunahama wiki ijayo. Nadhani kwa kuwa ni raia, hayo ya anwani hayanihusu.
Mtoto wa Mvita, Minneapolis

JIBU: Kama raia hayakuhusu, lakini kama mdhamini yanakuhusu. Ulipotia saini hati ya kiapo cha udhamini ulikubali kutoa taarifa ya kuhama kwa fomu I-865 ndani ya siku 30, na wajibu huo hudumu hadi mama atakapokuwa raia, au atakapohesabiwa robo 40 za kazi (robo ni robo ya mwaka), ambazo ni kama miaka 10, au atakapoacha ukaazi na kuondoka nchini moja kwa moja, au atakapofariki. Mama naye atoe taarifa yake ndani ya siku 10, na aitoe sasa kabla hamjapakia vyombo, kwa sababu kadi yake itatumwa kwenye anwani mliyoitoa alipoingia nchini. Wakati huohuo hakikisha ada ya mhamiaji ya USCIS ililipwa, kwani isipolipwa kadi haitengenezwi kabisa, na mnaweza kuwa mnaisubiri barua ambayo haijaandikwa.