Vijenzi vya maktaba ya misombo: tuangalie nini kwanza?

SWALI: Nina orodha ya vijenzi: amini 600 na asidi za kaboksili 400. Nataka kuziunganisha kwa kifungo cha amaidi nipate maktaba, yaani mkusanyiko, wa misombo 96 ya kupima dhidi ya kimeng'enya. Sahani yangu ina vishimo 8 kwa 12. Je, inatosha kuchagua asidi 8 na amini 12 zinazotofautiana kuliko zote?

JIBU: Haitoshi. Tofauti ije mwishoni, baada ya kupalilia.

Ondoa kila asidi yenye amini iliyo wazi, kwani itaungana yenyewe kwa yenyewe; ukiitaka sana, ifunike kwanza kwa kinga ya Boc, kundi la muda linaloondolewa baadaye. Ondoa pia aldehaidi na epoksidi. Hizo hushika protini ovyo, ukadhani umepata dawa. Kisha tazama tabia ya kila amini: benzilamini huungana bila taabu, ila 2-nitroanilini ni mvivu kweli, maana kundi la nitro huivuta ile jozi ya elektroni za naitrojeni ambayo ndiyo ingefanya kazi.

Sasa uzito wa molekuli (kwa dalton), na hapa ndipo wengi hujikwaa. Usikipime kijenzi peke yake, pima kitakachozaliwa. Kifungo cha amaidi kinapoundwa hutoka molekuli moja ya maji, yaani 18. Amini ya 250 na asidi ya 250 huzaa msombo wa 482, umebanana na mpaka wa 500 ambao mkemia Lipinski na wenzake waliutangaza mwaka 1997 kwa dawa za kumezwa. Atakayeuboresha msombo huo baadaye ataongeza kundi hapa na pale, na nafasi haipo. Mimi ningekata kwenye 200 kila upande, nipate 382 kwa juu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa logP, kipimo cha jinsi msombo unavyopenda mafuta kuliko maji: amini yenye mafuta mengi ikikutana na asidi ya aina yake, mpaka wa 5 unavukwa upesi.

Orodha yako nzima inaweza kuzaa misombo 240,000. Utatamani kuchukua 96 bora kati ya yote. Lakini hiyo yaweza kudai vijenzi 192, badala ya 20 vya sahani ambayo kila asidi ina mstari wake na kila amini safu yake. Afadhali uanze na asidi 8 na amini 12, kisha programu ya kompyuta ibadilishe kijenzi kimoja kimoja, ikibakiza badiliko linaloinua ubora wa sahani nzima. Kipimo cha Tanimoto, kinachoonyesha molekuli mbili zinafanana kiasi gani, nacho kitumie kwenye misombo itakayozaliwa. Na usifukuze kila pacha: amini mbili zinazotofautiana kwa klorini na methili tu, moja ikifanya kazi na nyingine isifanye, zitakufundisha kitu.

Kabla ya kujaza sahani, jaribu kila amini na asidi moja nyepesi, na kila asidi na amini moja nyepesi. Agiza vijenzi vichache vya ziada kila upande, kwa sababu baadhi vitaanguka hapo.