Tawi si mchezo, au ni mchezo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeajiriwa kwenye ofisi ndogo hapa Morogoro inayotengeneza programu ya maghala ya mazao. Chuoni nilizoea Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kila kazi na tawi lake, yaani mkondo wake wa pembeni. Hapa wanatumia Subversion, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, na niliposema nifungue tawi la ukurasa wa risiti, kaka anayetuongoza alikataa: "Tawi si mchezo, tutakesha kuliunganisha." Mwenzetu mwingine anapigia debe Mercurial, chombo cha tatu. Kwani tawi si tawi tu?
Binti wa Morogoro

JIBU: Marahaba, binti. Huyo kaka usimcheke, inaonekana ameonja. Kabla ya toleo la 1.5, lililotoka Juni 2008, Subversion haikukumbuka ulichokwisha kuunganisha. Namba za marekebisho ulizihifadhi mwenyewe, na ukipitiwa na moja, mabadiliko yaleyale yanaingia mara ya pili na migongano inaanza. Siku hizi inaweka kumbukumbu zake kwenye svn:mergeinfo, lakini aliyekesha hasahau upesi.

Kulifungua tawi lenyewe ni kazi nyepesi hata huko. Unanakili folda ya trunk (msimbo mkuu) kwenda branches (matawi) kwa amri ya svn copy, na seva hairudufu faili, inaweka rejeo tu. Ila bila mtandao kufika kwenye seva, huna tawi.

Git imekwenda njia nyingine kabisa. Ingia kwenye mradi wako wa chuoni, fungua .git/refs/heads, kisha soma faili lenye jina la tawi ulilolifanyia kazi karibuni. Kwa kawaida utakuta herufi na tarakimu 40, basi. Hilo ndilo tawi zima: kibandiko kinachoonyesha komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho na kusogea kila ukikomiti. Muungano nao hurekodiwa kama komiti yenye wazazi wawili, kwa hiyo Git inamtafuta babu wa pamoja yenyewe. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli (kiini) ya mfumo endeshi wa Linux, ambako kuunganisha kazi za watu wengi ni shughuli ya kila siku.

Ubaya wake ni kwamba komiti haibebi jina la tawi. Ukishakifuta kibandiko, bosi akauliza mwakani badiliko hili lilitoka tawi gani, utabaki kutegemea ujumbe wa kuunganisha, kama upo.

Hapo ndipo mwenzenu wa Mercurial ana hoja. Ukitumia hg branch, jina linaandikwa ndani ya kila komiti na halitoki. Tawi unaweza kulifunga, lakini jina linabaki kwenye historia. Kwa "toleo-2" ni jambo zuri sana. Kwa "jaribu-tena-mwisho-kabisa" ni aibu ya kudumu! Kazi ndogo huko hufanywa kwa alamisho, ambazo tabia yake ni kama ya matawi ya Git.

Sasa, mimi nisingeanza kwa kugombania chombo. Ningeuliza: kila ghala lina toleo lake lililosakinishwa, au wote wanatumia seva moja? Kama kila ghala lina lake, tawi la kila toleo lina sababu ya kuishi. Kama seva ni moja, tawi likae siku chache lirudi. Hata Vincent Driessen, ambaye mpango wake wa matawi wa 2010 ulinakiliwa kila mahali, aliongeza maelezo mwaka 2020 akiwashauri wanaotoa programu za wavuti mfululizo watumie utaratibu mwepesi zaidi.

Wakati mnajadiliana, fanya hivi. Git ina daraja la kwenda Subversion, linaitwa git svn. Kama hifadhi yenu ina trunk, branches na tags, nakili kwa git svn clone -s. Fungua matawi yako kwenye mashine yako, hakuna atakayeyaona. Ukimaliza kazi, git svn rebase kuvuta mapya ya wenzako, kisha git svn dcommit kupeleka yako. Komiti za muungano usizipeleke huko, nyoosha historia kwanza. Ikikwama, nitumie ujumbe wa hitilafu wote, siyo "imekataa" peke yake.